Maswali ya Gereji: Boliti za Manifoldi ya Ekzosi

Wengi mlioandika wiki hii mmefungua injini na sasa mnairudisha. Nimechagua maswali ya manifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini, maana hapo kazi nzuri ya siku nyingi huharibika kwa haraka ya dakika chache.

Fundi wangu amerudisha hedi (kichwa cha injini) ya Corolla, sasa anakaza manifoldi kuanzia upande mmoja hadi mwingine kwa nguvu zake zote. Ni sawa? (Kayole)

Si sawa. Mwombe asimame, alegeze zote, aanze upya. Manifoldi hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni kwa kupishanisha: ya juu, ya chini, kulia, kushoto, hadi za mwisho. Ukianza pembeni, upande huo unabana kwanza na gasketi, ule utando wa kuziba kati ya manifoldi na hedi, haipati nafasi ya kulala vizuri kwingine.

Nati zote ziingie kwanza kwa vidole mpaka ziguse. Nati ikigoma kwa vidole, itoe usafishe nyuzi, usiilazimishe kwa spana. Kisha kaza zote hadi nusu ya kipimo cha kukaza, halafu kipimo kamili, halafu zunguka tena kwa mpangilio uleule. Mzunguko huo wa mwisho wengi huuruka, na ndio unaokamata zile nati za kwanza zilizolegea gasketi ilipobanwa.

Sababu ya uangalifu huu wote ni moto. Kwa joto lilelile, alumini ya hedi hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu cha manifoldi, tena manifoldi yenyewe hupata joto kali kuliko hedi. Kila ukiwasha na kuzima gari, vyuma hivi viwili vinavutana, na mvuto ni mkubwa zaidi kwenye ncha. Ndiyo maana studi za mwisho, zile boliti zisizo na kichwa zinazoshika nati, ndizo hukatika mara nyingi. Iliyokazwa kupita kiasi imeshachoka hata kabla injini haijanguruma.

Kipimo chenyewe ni ngapi? Sina toki renchi (spana ya kupimia nguvu ya kukaza). (Kasarani)

Kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Studi nyingi za milimita 8 huwa kati ya 20 na 30 Nm (niutoni mita, kizio cha nguvu ya kukaza), na hizo ni kidogo kuliko mkono wa fundi unavyodhani. Linganisha na nati za magurudumu za Toyota nyingi ndogo, ambazo ni 103 Nm. Kwa spana ya sentimita 25, unafika 25 Nm kwa kuvuta nguvu ya takriban kilo 10 tu. Kuongeza paipu kwenye spana hapa ni kuikata studi.

Azima toki renchi, lakini chagua ndogo. Ile kubwa ya kufika 200 Nm haiaminiki huku chini. Ukimaliza, irudishe kwenye kipimo chake cha chini kabisa, na usiitumie kufungulia nati.

Nipake grisi kwenye nyuzi? Na silikoni kwenye gasketi? (Ruaka)

Grisi ya kawaida itaungua. Ipo ya joto kali, ya shaba au nikeli, na inasaidia sana siku ya kufungua. Ila nyuzi zikiteleza, kipimo kilekile huivuta studi zaidi, kwa hiyo kama kitabu kinataka nyuzi kavu, ziache kavu. Silikoni hapana. Nyuso ziwe safi na zimenyooka, gasketi iwe mpya.

Nati za zamani zinaweza kurudi? (Gikomba)

Nunua mpya Kirinyaga Road. Nati za kujifunga zikishapikwa na ekzosi hupoteza mshiko.

Studi moja imekatikia ndani ya hedi. (Rongai)

Pole sana. Kama kipande kimechomoza, loweka mafuta ya kupenya usiku kucha, kisha welda achomelee nati juu yake. Joto hilo lenyewe hulegeza kutu. Kama kimekatika sawa na uso wa hedi, usikichimbe kwa drili ya mkononi: alumini ni laini kuliko studi, na ncha itahamia pembeni. Peleka hedi kwa watu wa mashine kule Industrial Area.

Asubuhi za baridi injini inagonga tik-tik, ikipata moto inanyamaza. Nipuuze? (Kikuyu)

Usipuuze. Kuna uwezekano mkubwa gasi inavuja pale manifoldi inapokutana na hedi, na vyuma vikitanuka ufa unajiziba. Tafuta masizi meusi karibu na gasketi. Hewa ikiingia hapo, sensa ya oksijeni hudanganyika na kompyuta huongeza mafuta bila sababu. Kubwa zaidi, moshi huo una kaboni monoksidi, isiyo na harufu, na inaweza kuingia ndani ya gari. Endesha vioo vikiwa wazi hadi itengenezwe, usiache injini ikinguruma ndani ya gereji iliyofungwa, na kagua nati injini ikiwa imepoa kabisa. Kama zote ziko kwenye kipimo na mlio unaendelea, toa manifoldi ukaipime kwa rula ya chuma, huenda imepinda.