Kabla Hujanyanyua Mkono Mnadani

Jaguar E-Type yangu, gari la michezo la zamani, niliinunua kwa macho. Ilikuwa ya mwaka 1961, mojawapo ya zile 500 hivi za mwanzo ambazo boneti zake hufungwa kwa komeo za nje. Nyekundu, imekarabatiwa upya, inazunguka polepole jukwaani chini ya taa. Dalali akasema gari la namna hii halionekani mnadani kila mwaka. Mkono wangu ukapanda wenyewe.

Miezi mitatu baadaye fundi wa bodi aligonga kizingiti cha chini ya mlango kwa mpini wa bisibisi, akanitazama asiseme neno. Mlio ulikuwa mzito, kama wa ukuta. Chini ya rangi kulikuwa na puti, ule uji mgumu wa kuzibia mashimo ya bodi, na chini ya puti kutu tupu. Kwa E-Type hilo si suala la urembo. Nyuma ya injini gari hili halina fremu ya kulibeba; bodi yenyewe ndiyo mifupa, na vizingiti hivyo ni sehemu ya uti wa mgongo. Ukivikata bila kulishikiza gari vizuri, linapinda.

Kwa hiyo siku hizi siangalii rangi kwanza, naomba faili. Aliyekarabati kwa haki ana picha za gari likiwa bati tupu, kabla ya rangi na wakati wa kuchomelea. Risiti moja iliyoandikwa "ukarabati kamili" mimi huihesabu kama karatasi ya kufungia vitumbua.

Halafu namba. Kwenye E-Type, namba ya injini imegongwa kwenye bloku, karibu na chujio la oili, na tena kwenye silinda hedi. Zikitofautiana, kimojawapo kimetoka kwenye gari jingine. Namba ya chesisi nayo iko kwenye fremu ya mbele, ambayo imefungwa kwa bolti tu na huweza kubadilishwa, basi usiiamini peke yake. Agiza cheti cha Jaguar Daimler Heritage Trust, taasisi inayotunza kumbukumbu za magari ya Jaguar: kinaonyesha namba za chesisi, injini, bodi na giaboksi, pamoja na rangi ya awali. Changu nilikiagiza nikiwa nimeshalipa (ndiyo, cheka), nikagundua gari langu lilitoka kiwandani likiwa la kijivu. Kubadilisha rangi si dhambi, ila bei haiwezi kuwa ileile.

Kwa kawaida kuna siku ya kukagua kabla ya mnada. Nenda na ovaroli, tochi na sumaku uliyoifunga kitambaa laini. Lala chini ya gari, hata kama wenzako wamevaa suti. Sumaku isiposhika kwenye bati la chuma, huenda hapo pana puti. Lakini lijue gari lako: Mercedes-Benz 300 SL ile ya milango ya kufungukia juu ina milango na boneti za alumini, na 29 kati ya zile 1,400 zilikuwa na bodi ya alumini. Huko sumaku haikuambii kitu. Gusa injini kabla haijawashwa. Ukiikuta ina joto, uliza ni nani aliyeiwasha mapema na kwa nini; huenda anaficha inavyosumbua kuwaka ikiwa baridi.

Kuhusu pesa sina mengi. Bei ya nyundo, ile inayotajwa dalali anapogonga nyundo, siyo utakayolipa; juu yake kuna ada ya mnada, mara nyingi asilimia 10 au zaidi, kisha kodi na usafirishaji. Andika kikomo chako kwenye karatasi ukiwa nyumbani, ada ikiwemo, umpe mtu asiyependa magari akae kando yako. Mimi humpa mke wangu. Ameshanishika mkono mara mbili.

Ile nyekundu bado ninayo. Vizingiti vipya vilichukua miezi minane, na picha za kila hatua zimo kwenye faili, pamoja na ya kile kipande cha puti.