Yaya, tufikie mji gani?

Mdogo wangu, mimi dada yako mkubwa ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa ndani ya basi natoka kazini usiku. Unasema karatasi za Québec, jimbo la Kanada la Kifaransa, zimetoka, na wewe, wifi na watoto watatu mtashuka huku mwezi wa 6. Sasa mfikie wapi? Rafiki yako wa Edmonton anakuambia kule makuta, yaani pesa, yanaonekana. Binamu wa Montréal anasema nje ya Montréal hakuna maisha. Wifi ameona picha za Ottawa, amezipenda. Halafu ukamalizia: "Yaya, tuambie ukweli, si ule wa picha."

Kwanza najua ninaongea na mtu aliye wapi. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, mmejifunza kuishi benki zikiwa zimefungwa, na kuhesabu watoto kila jioni kabla ya kufunga mlango. Sitakudanganya kwamba huku ni kubaya. Watoto wangu wanalala usiku kucha, maji yanatoka bombani, na bido la kuchotea maji hawajawahi kulibeba. Ninachotaka kukuambia ni kile kinachofuata mtu akishalala salama: wiki ya kawaida, Jumatatu hadi Jumapili, ya familia yenye watoto watatu. Hapo ndipo mji unaweza kukusaidia au kukumaliza.

Sisi tulifikia Montréal, kama karibu kila mtu. Nyumba tulitafutiwa upande wa kaskazini, ghorofa ya 3, kodi ya nafuu kwa wakati ule, tukamshukuru Mungu. Hakuna aliyetuuliza kazi itakuwa wapi. Kazi yangu ikapatikana magharibi kabisa ya kisiwa, kuhudumia wazee: basi, metro, kisha basi tena, saa 1 na dakika 20 kama theluji haijaanguka. Mume wangu alikuwa anaingia bohari saa 10 jioni. Garderi, yaani mahali pa kulelea watoto wadogo mchana, ilikuwa inafunga saa 12 jioni, na mtoto wetu mdogo alikuwa huko. Basi kila siku ilikuwa mimi, nikikimbia.

Jioni moja ya Februari metro ilisimama chini ya ardhi karibu dakika 40. Nilifika garderi saa 1 kasoro dakika 10. Taa zote zimezimwa isipokuwa ile ya korido. Mwanangu ameketi kwenye benchi, ameshavalishwa nguo ya theluji, kofia na glavu, jasho linamtiririka, na mwalimu kando yake amevaa koti, mkoba begani. Hakuna aliyenifokea. Nilipewa karatasi ya faini, maana dakika za kuchelewa zinahesabiwa, nikatia sahihi. Tulipotoka nje mtoto akaniuliza: "Mama, hakuna mtu mwingine anayenijua?"

Swali hilo ndilo lililotuhamisha. Sikumwambia Mama wakati ule, nakuambia wewe leo.

Wewe unaikumbuka Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu. Mama akichelewa sokoni, sisi hatukuwa watoto wa mtu mmoja. Yule mama muuza makaa pale kwenye ngazi alituambia tukae karibu naye. Jirani alitumegea bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwa. Fundi cherehani alijua nani ametoka shule na nani ametoroka. Tuliteseka na matope, tuliteseka na maji, lakini macho yalikuwa mengi. Huku macho hayo hayaji yenyewe. Mengine unayatafuta, mengine unayalipia, na kumwacha mtoto wa miaka 6 peke yake nyumbani ukisema jirani atamwangalia kunaweza kukuletea watu wa ulinzi wa watoto mlangoni. Hao watu Wakongo wengi wanawaogopa kuliko polisi.

Ndiyo maana kabla ya kuangalia kodi nataka mchukue karatasi. Andikeni nyumba, garderi, shule, kazi ya wifi, kazi yako. Chora mistari kati yake, na kwenye kila mstari andika dakika, za Januari, si za Julai. Kisha andika jina la mtu mmoja, mbali na nyinyi wawili, anayeweza kufika shuleni ndani ya robo saa mtoto akipata homa. Mji ambao karatasi yake inakubali, huo ndio wa kufikia. Mji ambao mahali pa hilo jina panabaki patupu, hata mshahara wake uwe mzuri namna gani, mtaulipa kwa njia nyingine.

Sisi karatasi yetu ilitupeleka Sherbrooke, kilomita kama 150 mashariki ya Montréal. Mji wa vilima, una chuo kikuu na hospitali kubwa, na kwa miaka mingi umepokea wakimbizi, wakiwemo watu wetu wa Kivu. Siku ya kwanza nilipopanda ule mtelemko kutoka mtoni nikiwa na mifuko ya soko, miguu yangu ilikumbuka Bukavu kabla ya kichwa. Nyumba, shule na garderi vyote viko ndani ya dakika 12 kwa miguu. Kazini naenda kwa basi moja. Na mlango wa pili kuna mama wa Burundi: Jumanne na Alhamisi anawachukua wangu, siku nyingine nawachukua wake. Hatujawahi kulipana hata senti.

Sasa ubaya wake, maana uliomba ukweli. Mshahara wa mume wangu ulishuka tulipohama, na kazi za kuchagua ni chache. Kodi za Sherbrooke nazo zimepanda sana, usiamini mtu anayekuambia bado ni mji wa bure. Mabasi ya Jumapili ni machache, ikabidi tununue gari, na gari huku lina matumbo mawili: mafuta na matairi, kwa sababu kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi sheria ya Québec inadai matairi ya baridi. Kanisa letu la Montréal, kwaya ile ya Kiswahili, niliililia mwaka mzima. Na binti yangu mkubwa alikuwa mweusi peke yake darasani. Wenzake walikuwa wanamshika nywele kama kitu cha dukani. Nilikwenda shuleni mara mbili kabla ya kusikilizwa. Imepungua, haijaisha. Hilo lipimeni pia, kwa sababu Montréal hangekuwa peke yake.

Kuhusu garderi nataka usikilize vizuri, maana ndiyo sababu kubwa ya familia yenye watoto wadogo kubaki jimbo la Québec. Mwaka 1997 jimbo hili lilianzisha garderi za bei moja, dola 5 kwa siku. Leo bei hiyo imezidi 9 kidogo, bila kujali unapata mshahara gani. Lakini nafasi hazitoshi. Kuna orodha ya kungoja, na ukikosa nafasi hiyo unaingia garderi ya bei ya soko ambayo kwa siku moja inaweza kula zaidi ya dola 40. Serikali inakurudishia sehemu, ni kweli, lakini kwanza pesa inatoka mfukoni mwako. Mara mtakapokuwa na anwani, kabla hata ya kununua vitanda, mwandikisheni mtoto mdogo. Sisi tulingoja miezi 14. Wale wawili wakubwa hawana shida hiyo, shule ya serikali ni bure na ipo, halafu baada ya masomo kuna huduma ya kuwashika mpaka jioni kwa malipo madogo. Kule kwetu shule ya msingi ilitangazwa bure mwaka 2019 na wewe unajua bado unatoa nini kila muhula. Huku sijaombwa pesa ya mwalimu hata siku moja.

Posho ya watoto ya serikali kuu haichagui mji. Familia yenye kipato kidogo inaweza kufikia karibu dola 8,000 kwa mwaka kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, na Québec inaongeza yake. Mtu akikuambia uende Edmonton kwa sababu kule "wanalipa watoto", basi hajui anachosema.

Edmonton yenyewe siitukani. Kodi ya manunuzi Alberta, jimbo lake, ni 5% tu, huku kwetu mbili zikijumlishwa zinakaribia 15%. Nyumba ya kununua inapatikana kwa bei ambayo Montréal ni ndoto. Watu wetu wamejenga maisha kule. Lakini wewe na wifi mmesoma kwa Kifaransa, mlitayarisha faili kwa Kifaransa, na mlisema mtaishi Québec. Haki ya kuhama jimbo mkaazi wa kudumu anayo, hakuna atakayekufunga kamba. Ninachokuuliza ni hiki: mwaka wa kwanza, mtoto akileta barua kutoka shuleni, nani ataisoma? Huku tangu sheria ya mwaka 1977 watoto wa wahamiaji wanasoma shule ya Kifaransa, na daftari la mwanangu nalielewa kuliko yeye. Mwalimu akisema jambo, najibu. Mzazi anayeweza kujibu watoto wanamheshimu. Nimeona baba wakubwa, watu waliokuwa na neno Bukavu, wakigeuka mabubu mbele ya watoto wao kwa ajili ya lugha tu. Iliniuma kuwatazama.

Ottawa ya wifi ina jambo zuri. Ng'ambo ya mto kuna Gatineau, upande wa Québec, mtu anavuka daraja asubuhi na jioni kama watu wetu wanavyovuka mto Ruzizi kwenda Cyangugu, Rwanda, ila huku hakuna anayekuomba karatasi. Ukilala Gatineau, kadi ya afya na garderi ni za Québec, hata kazi ikiwa Ottawa. Kama mngekuwa na ndugu pale, ningewaambia mjaribu. Hamna.

Hospitali zisiwasumbue katika kuchagua, kwa sababu kungoja kuko kila mahali. Mtu mzima mwenye ukaazi mpya anaweza kusubiri hadi miezi 3 kabla kadi ya afya haijaanza kazi, kwa hiyo wekeni bima ndogo ya safari. Daktari wa familia tulimpata baada ya miaka 2. Sikio la mtoto lilipouma usiku, tulikaa hospitalini muda wa saa 9, naye analia mapajani mwangu, kisha alitibiwa vizuri na hatukutoa kitu mlangoni. Ndivyo ilivyo: unachoka, lakini hutolewi nje kwa kukosa pesa.

Nyumba. Hapa sahau habari ya garanti, ile amana ya kodi ya miezi 6. Mwenye nyumba Québec haruhusiwi kisheria kudai garanti, anaweza kuomba kodi ya mwezi wa kwanza mapema, basi. Akitokea mtu, hata Mkongo mwenzetu, akijifanya komisionere, yaani dalali wa nyumba, na kutaka umtumie dola kabla hujaona mlango, usitume. Vyumba wanahesabu kwa namna yao: wakisema 4 na nusu, ile nusu ni bafu, na vyumba vya kulala ni 2. Nyinyi mnahitaji 5 na nusu. Mikataba mingi inaisha tarehe 30 Juni na mji mzima unahama tarehe 1 Julai, kwa hiyo mnafika wakati mzuri.

Nimebakiza neno gumu. Watu wengi wetu huku hawachagui mji kwa ajili ya watoto. Wanachagua kwa ajili ya pesa ya kutuma. Mimi nilikuwa natuma dola 200 kila mwezi nikiwa Montréal, kwa zamu za usiku na za Jumapili. Nilipohamia Sherbrooke nikashuka hadi 120. Mlisema nimebadilika, na Mama alikaa wiki mbili bila kunipigia. Niliumia sana, mdogo wangu. Zile 80 zilizopungua zilikuwa jioni zangu na watoto wangu, sikuzila. Na wewe ukifika, simu zitaanza kulia kabla hujajua duka la chumvi liko wapi. Kaeni na wifi sasa, mkiwa bado Bukavu, mkubaliane kiasi ambacho hakitawapeleka kwenye kazi ya pili, mkiseme mbele ya Mama na wakubwa, mkiwatazama usoni. Kwa simu, kutoka huku, neno hilo halisemeki vizuri. Mimi nilishindwa.

Baridi mnaiogopa bure zaidi ya inavyostahili. Asubuhi nyingine inafika -30, lakini nguo zipo, na za mitumba ni nzuri. Giza ndilo sikuambiwa: mwezi wa 12 jua linazama saa 10 jioni. Wifi mtoeni nje kila mchana, hata dakika 20. Na mkipatwa na hamu ya ziwa, kuna Memphremagog si mbali na sisi, sehemu yake iko Marekani kama sehemu ya Kivu ilivyo ya wenzetu wa Rwanda. Nimekaa ufukweni pale nikalia, kisha nikawanunulia watoto barafu ya maziwa tukarudi nyumbani.

Nitumie tarehe ya ndege na umri wa mdogo kwa miezi. Mwambie wifi anitumie nakala za diploma yake ya uuguzi, kwa sababu chama cha wauguzi cha jimbo kinachelewesha sana na wakati huo atalazimika kushika kazi ya kuhudumia wazee kama mimi. Naweza kumwombea nafasi tunapofanya kazi. Kuna 5 na nusu inaachwa mtaani kwetu tarehe 1 Julai, nyumba tatu kutoka kwa yule mama wa Burundi. Jumamosi nikitoka zamu nitakwenda kuiona. Nitatembea kutoka mlangoni mpaka shuleni na saa mkononi, na video nitakayowatumia itakuwa ya hiyo njia, si ya sebule.