Mkanda wa mtoto, kofia ya abiria: majibu kwa wasomaji wa Tanga

Mjadala wa kurekebisha Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 umewagusa wengi, na maswali mliyoniletea yanatoka Kange hadi Muheza. Kwa asiyeufuatilia: wadau wa usalama barabarani wanataka kila abiria afunge mkanda, hata wa viti vya nyuma, watoto wawe na viti vyao kwenye magari, kofia za pikipiki ziwe na viwango na zifungwe kidevuni, mwendo upunguzwe karibu na shule, na kiwango cha pombe kwa dereva kishushwe. Nayaunga mkono yote, kwa sababu sheria tuliyonayo inamtazama zaidi aliyeshika usukani, na wale aliowabeba au anaowapita inawagusa juujuu tu.

Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Nikisafiri kwenda Dar nampakata. Hicho kiti cha mtoto nitakitoa wapi, na kwenye basi kitafungwa wapi? (Mama, Makorora)

Mama, swali lako ndilo zito kuliko yote niliyopata. Mikono ya mama ina nguvu kwa mambo mengi, lakini gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 10 anachomoka kwa nguvu kama ya mzigo unaozidi kilo 100. Hakuna mzazi anayeweza kuuzuia. Na kama wewe mwenyewe hujafunga mkanda, mwili wako ndio utakaombana kwenye kiti cha mbele. Shirika la Afya Duniani linasema kiti cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali kwa zaidi ya asilimia 60.

Kuhusu basi, nakubaliana nawe kwamba sheria haiwezi kumwachia mama huo mzigo peke yake. Kanuni zianze na magari binafsi, teksi na magari ya shule, ambako kiti kinafungika bila taabu. Kwa mabasi, mwenye basi ndiye abanwe: mikanda ionekane, ifunge, isiwe imesukumwa chini ya kiti hadi abiria akaitafute kwa tochi ya simu. Na serikali iondoe kodi kwenye viti hivyo, maana kanuni ambayo mwenye kipato cha kawaida hawezi kuitii itabaki kuwa chanzo cha faini tu.

Hadi hapo, ukiwa ndani ya gari dogo usikae mbele na mtoto. Usiuzungushe mkanda mmoja ukawafunga wote wawili, maana gari likigonga uzito wako unamkandamiza mtoto kwenye mkanda. Mtoto mkubwa anayeweza kukaa mwenyewe mkatie kiti chake na umfunge. Najua nauli inauma. Ila mkanda wa mtu mzima huwa unampita mtoto mfupi shingoni na tumboni, ndiyo maana wataalamu wanataka kiti cha kumnyanyua hadi afikie urefu wa sentimita 135 hivi.

Na tukiwa kwenye watoto, siwezi kunyamaza kuhusu mshikaki wa asubuhi, wanafunzi watatu nyuma ya bodaboda moja na mabegi yao. Wazazi tunawajua madereva hao kwa majina na tunawalipa kwa mwezi. Hapo hatuna haja ya kusubiri sheria mpya.

Ninazo kofia mbili, abiria wanakataa ya pili. Wanasema inanuka jasho na inaharibu nywele. Trafiki akinikamata naandikiwa mimi. Haki iko wapi? (Bodaboda, Kange)

Malalamiko yako yana msingi, kaka. Faini ya bodaboda ilishushwa mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, lakini hata hiyo ni sehemu kubwa ya hesabu ya siku. Naona ni sawa abiria mkaidi awajibike mwenyewe, na jambo hilo liandikwe wazi.

Kwa upande wako, osha kofia, ianike juani, weka vitambaa vyepesi vya kuvaa ndani. Abiria akiona usafi, wengi watavaa. Halafu fungeni kamba ya kidevu! Kofia inayoning'inia huruka kabla kichwa hakijafika chini. Kofia nzuri iliyofungwa vizuri inapunguza hatari ya kufa kwa zaidi ya mara sita, na ile nyepesi ya mafundi wa ujenzi haihesabiki kabisa.

Lami ya Segera hadi Chalinze ni nzuri, basi langu jipya. Kwa nini nibanwe na kilomita 80? (Dereva)

Chukua kilomita 100 za barabara. Ukitembea 80 unatumia dakika 75, ukitembea 100 unatumia dakika 60. Umeokoa robo saa. Sasa tazama gharama yake. Kwa 80 basi lako linakula mita 22 kila sekunde. Ukiona ng'ombe au mtoto, ukashtuka, ukakanyaga breki nzima kwenye lami kavu, utasimama baada ya mita 80 na ushei. Kwa 100 utahitaji karibu mita 120. Mtu aliyesimama kwenye mita ya 90 anapona kwa mwendo wa kwanza, na kwa wa pili anagongwa.

Kikomo hicho kwa magari ya biashara yanayozidi kilo 3,500 ni cha zamani. Kipya ni kifaa cha LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, kinachofuatilia basi safari nzima, kwa hiyo kupigiana taa kwamba mbele kuna tochi ya trafiki ya kupima mwendo hakusaidii tena. Nawaombeni pia wenye mabasi msiwapangie madereva muda wa kufika usiowezekana, kisha mkawalaumu.

Bia mbili zina ubaya gani? (Msomaji, Chumbageni)

Zina ubaya. Kikomo cha sasa ni miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu, na Shirika la Afya Duniani linashauri 50, huku madereva vijana wakiwekewa 20. Umekunywa? Gari liache.

Ajali ikitokea tukimbilie kuokoa au tukae mbali? (Mwalimu, Segera)

Mwalimu, mnajua ninyi kuliko mimi kilichotokea hapo Segera Januari 2025, lori lilipowavamia watu waliokusanyika kwenye ajali iliyotangulia na kuua 11. Walikuwa watu wema, wengi wao wamekuja kusaidia.

Kwa hiyo kwanza linda eneo. Watu wawili wakaonye magari, mmoja kila uelekeo wa barabara, mita 150 au zaidi kutoka kwenye ajali, na usiku wawe na taa. Matawi tunayoyaweka karibu na gari hayatoshi, kwa hesabu ile niliyompa dereva hapo juu. Piga 112. Wanaookoa wawe wachache, wengine wote watoke kabisa barabarani. Watoto waondolewe. Hili lifundishwe katika vijiji vyote vilivyo kando ya barabara kuu, na ningependa kuona kanuni mpya zikilitaja.

Mimi ni mzee wa baiskeli, Ngamiani. Sisi tumo? (Msomaji)

Shikamoo mzee wangu. Mmetajwa kidogo mno kwa mji ambao watu wake wanaendesha baiskeli kama huu. Duniani, zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na pikipiki. Mwendo wa 30 karibu na shule na masoko utawasaidia, lakini njia ya pembeni iliyotengwa ingewasaidia zaidi. Weka kiakisi nyuma na taa mbele.

Ukigongwa, andika namba ya gari, pata PF3 polisi, ile fomu ya majeruhi ya kupeleka hospitali, na uulize bima yake. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa kila chombo cha moto, na wewe uliyegongwa ndiye huyo mtu wa tatu. Wengi wanakubali "kumalizana" kwa pesa ya dawa ya siku moja, kisha mguu unaendelea kuuguza familia mwaka mzima.

Maoni tunayapeleka wapi? (Wengi)

Kwa mbunge wako, kwa maandishi. Muswada ukifika kwenye kamati ya Bunge, wananchi na vikundi hualikwa kutoa maoni, na barua ya chama cha bodaboda au kamati ya shule husomwa kama ya mwingine yeyote. Kamati ya usalama barabarani ya mkoa nayo ipo. Taja barabara, taja kivuko, taja saa ambayo watoto wanavuka.