Je, muuguzi aliyechoka akiomba mapumziko amesaliti amana?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi hapa Tanga. Tuko wachache, mara nyingi namaliza zamu ya usiku naombwa niunganishe na ya asubuhi, nami sikatai. Kuna mama alitutoka kwa kuvuja damu baada ya kujifungua. Tulifanya yote yanayotakiwa, lakini tangu siku hiyo najiita muuaji. Nimezidisha swala za usiku ili Allah anisamehe. Sasa hata huruma imeniisha, mgonjwa akiniita nakereka. Likizo naona haya kuichukua mbele ya wenzangu. Je, nikipumzika nitakuwa nimesaliti amana?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Allah akupe faraja.

Nianze na hilo neno "muuaji". Liache leo hii. Mtume (s.a.w.) amesema kuwa anayejitia kutibu bila kujulikana kwa utabibu, huyo ndiye mwenye dhamana, yaani anawajibika kwa madhara yatakayotokea. Kutokana na hapo wanazuoni wakasema kwamba mwenye ujuzi aliyefuata taratibu za kazi yake bila uzembe hana dhamana wala dhambi. Wewe umesomea, na ulifanya yanayotakiwa. Muda wa kuishi wa yule mama ulikuwa mikononi mwa Allah. Na Muislamu anayekufa kwa uzazi, Mtume amemhesabu miongoni mwa mashahidi.

Sasa hizo swala za usiku. Anas (r.a.) anasimulia katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni ya Zaynab, akichoka kusimama katika swala hujishikilia. Akasema ifunguliwe, mtu aswali akiwa na nguvu, na akichoka akae. Tazama hapo, dada yangu. Zaynab alikuwa katika ibada, ndani ya msikiti wa Mtume, na bado hakuachiwa ajiburure kwa kamba. Itakuwaje wewe, unayetoka wodini miguu imevimba, ukajisimamishe usiku kucha kwa kosa ambalo hukulitenda? Shika faradhi zako, na katika sunna chukua kidogo unachoweza kudumu nacho. Aliyezoea ibada kisha maradhi yakamzuia, huandikiwa ujira wa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima.

Kuisha kwa huruma kumekutisha, nami naona hilo ndilo linalokuumiza kuliko yote. Usilihesabu kuwa ni moyo kuwa mgumu kwa maasi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa: haikuitwa ugonjwa, ilitajwa kuwa ni tokeo la msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa, na miongoni mwa dalili zake ni mtu kuishiwa nguvu na kujitenga kimoyo na kazi yake. Mtume mwenyewe, kwa kuwahurumia watu wake mno, aliambiwa katika Suratu Shuaraa aya ya 3 kwamba huenda akaiangamiza nafsi yake kwa kuwa hawaamini. Ikiwa huruma ya Mtume iliwekewa mpaka, ya kwako haiwezi kukosa mpaka.

Kuhusu likizo, sioni pa kuona haya. Salman alimwambia Abu Dardaa, "Nafsi yako ina haki juu yako," na Mtume akasema Salman amesema kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka. Hilo ni sehemu ya mkataba, na Qur'ani imetuamrisha kutimiza mikataba. Amana unayoiogopea kwa hakika inahatarishwa na kuunganisha zamu, kwa sababu aliyekesha anaweza kukosea kipimo cha dawa. Uhaba wa wauguzi ni jukumu la wenye mamlaka. Usijibebeshe mwilini mwako.

Basi nenda kwa msimamizi wako wiki hii, na zamu ya kuunganisha ikatae kwa adabu. Tafuta pia mshauri wa afya ya akili, umsimulie kifo cha yule mama kwa ukamilifu, na ukilia, lia. Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya maswahaba zake. Na ikiwa yanakujia mawazo ya kujidhuru, usingoje likizo. Mwambie mtu wako wa karibu na umwone daktari siku hiyohiyo.

Wallahu aalam.