Kuhusu ile kozi ya kreni

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Barua yako ya Mtwara nimeisoma mara mbili, ya pili nikamsomea mama yako. Unauliza kama ukope uilipie kozi ya kreni za baharini, ilhali una miaka minne ya kreni ya bandarini. Mambo ya kukopa zungumza na mama yako. Mimi nataka kujua hili: ukiona mzigo umefungwa vibaya, utakataa kuunyanyua na wakubwa wote wanakutazama?

Ami yako unamjua anavyopanda ngazi zetu, mguu mmoja tu ukitangulia. Mlipokuwa wadogo tuliwaambia ni ajali ya bandarini, basi. Ni kweli, ila aliyenyoosha mkono kuashiria winchi ipandishe mzigo ni mimi.

Ilikuwa Malindi, 1994. Jenereta ndani ya sanduku refu, tani 3. Waya mbili, kila mmoja wa kubeba tani 2. Msimamizi akahesabu mbili na mbili nne, zimetosha. Lakini waya zilikuwa fupi, zikatanuka kama mikono ya mtu anayejinyoosha. Jaribu kwa ndoo ya maji: shikeni wawili kamba zikiwa wima, nyepesi; kisha kila mtu avute upande wake, uone mkono unavyotetemeka na maji ni yale yale. Pembe baina ya waya ikifika digrii 120, kila waya unabeba uzito mzima. Tani 3 juu ya waya wa tani 2, tena mkuukuu, nyuzi zimechomoza zinachoma viganja. Niliziona nyuzi zile. Nilizigusa. Kuli mmoja kijana akasema, "Jamani, ngojeni," akazomewa, maana nahodha alitaka kuondoka na maji. Ami yako akaingia chini kuiweka sawa kamba ya kuongozea.

Mzigo ulio hewani hauna ndugu. Nimelisema hilo mpaka mnanicheka.

Na lile gati halikuwa likitikisika. Huko kwenye majukwaa ya gesi meli inapanda na kushuka na wimbi, kreni imesimama pale pale. Ukivuta wakati sitaha inashuka, waya unashtuliwa, na tani 3 hazibaki tatu. Ndiyo maana kreni hizo zina jedwali la uzito la bahari shwari na la mawimbi, na la mawimbi namba zake ni ndogo. Bandarini hukufunzwa hilo, kwa hiyo kozi ina maana. Ingawa una mtoto wa miezi mitatu. Hapana, hiyo si hoja. Ami yako yalimkuta hatua chache kutoka nyumbani.

Umesema wenye kozi wanafuata sheria ya Uingereza ya 1998 ya kunyanyua mizigo. Hiyo inataka slingi, yaani waya na kamba za kufungia mzigo, zikaguliwe na mjuzi kila miezi 6. Basi waulize: watakushikisha waya ulioliwa na shekeli iliyopinda, ile pingu ya chuma ya kuungia waya, au karatasi tu? Na nani ana haki ya kuashiria "simama"? Ni mtu yeyote, hata mfagiaji, na mwendesha kreni lazima asimame. Mzigo ulio hewani hauna ndugu, mwanangu.

Jawabu la swali lako ninalo, liko mdomoni. Mama yako amenikataza kuliandika, anasema wewe si mtoto.

Yule kuli sikumtaka radhi mpaka leo. Kiatu cha ami yako ninacho, kimo ndani ya sanduku la bibi yako. Ukija Idi nitakuonesha.

Babaako