SPARCstation 5 inayosema "IDPROM contents are invalid": anza na chipu ya NVRAM, diski iache kwanza

Mkuu, umeeleza kwamba umepata SPARCstation 5 ya Sun. Monita yako ya LCD inaonyesha picha iliyopinda kwa muda mfupi kisha inazima, lakini umewahi kusoma "The IDPROM contents are invalid", na baadaye mashine inakwama kwenye "Timeout waiting for ARP/RARP packet". Unauliza kama diski imekufa na kama ununue monita nyingine. Usinunue chochote bado. Jumbe hizo mbili zinatoka kwenye betri iliyokufa ndani ya chipu moja, na wekisitesheni nyingi za Sun zinauzwa kama chuma chakavu kwa sababu hiyo tu, wakati bodi yake ni nzima kabisa.

Chipu yenyewe, NVRAM (kumbukumbu isiyofutika umeme ukizimwa, mradi betri yake ni nzima), ni M48T08, ina miguu 28 na imekaa kwenye soketi. Ndani yake kuna kumbukumbu ya KB 8, saa, kristali na betri ya lithiamu, vyote vimefunikwa kwa plastiki ngumu. Hapo ndipo Sun walipohifadhi mipangilio ya kuwasha mashine, namba ya mashine (hostid) na anwani ya Ethernet; hizi mbili za mwisho zimo kwenye sehemu iitwayo IDPROM. SPARCstation 4, 10, 20, LX na Classic zinatumia hiyohiyo. IPC, IPX na SPARCstation 2 zinatumia M48T02 yenye miguu 24. Ultra 5 na Ultra 10 zinatumia M48T59Y. Betri ikiisha, mipangilio inavurugika, swichi ya uchunguzi inajikuta imewashwa, na mashine iliyo katika hali ya uchunguzi hujaribu kuwaka kupitia mtandao, haitafuti diski. Ndiyo maana inasubiri RARP, yaani jibu la seva la kuipa anwani ya IP. Diski yako pengine haijaguswa hata mara moja.

Kabla ya chipu, tengeneza kebo ya siriali. Hiki ndicho kifaa cha kwanza cha kuwa nacho kwa mtu yeyote anayefuga Sun nyumbani, maana monita za kisasa zitakusumbua sana. OpenBoot, programu ya ROM inayowasha mashine, ikikosa kibodi wakati wa kuwaka, inahamishia kila kitu poti A ya siriali kwa kasi ya 9600, biti 8, bila pariti, stop 1. Poti hiyo ni DB25. Ukiwa na adapta ya USB yenye DB9, waya tatu zinatosha: mguu wa 2 wa DB25 uende mguu wa 2 wa DB9, wa 3 uende wa 3, na wa 7 uende wa 5. Usizipishe 2 na 3 hapa, kwa sababu namba za DB25 na DB9 tayari zimepishana zenyewe. Zima kabisa udhibiti wa mtiririko kwenye programu ya temino. Chomoa kibodi mashine ikiwa imezimwa. Kuchomeka na kuchomoa kibodi ya Sun umeme ukiwepo kunaweza kuunguza fyuzi ndogo kwenye bodi, kisha utadhani kibodi imekufa.

Ili kuikatiza isiendelee kutafuta mtandao, tuma ishara ya Break: kwenye PuTTY iko kwenye menyu ya Special Command, kwenye minicom ni Ctrl-A kisha F, kwenye screen ni Ctrl-A kisha b. Ukiwa na kibodi ya Sun ni Stop-A. Baadhi ya adapta za bei rahisi hazijui kutuma Break, kwa hiyo zikigoma jaribu nyingine kabla ya kulaumu bodi. Ukikuta alama ya > peke yake, andika n ubonyeze Enter, utaingia kwenye ok, yaani alama ya OpenBoot ya kusubiri amri. Kumbuka pia kwamba ukizima kompyuta iliyoshika upande wa pili wa kebo, Sun inaweza kuhesabu hiyo ni Break na kusimama katikati ya kazi. Andika go, inaendelea ilipoishia.

Sasa ijaze chipu kwa mkono. Huhitaji betri mpya kwa jaribio hili, kwa sababu kumbukumbu inashika data mradi umeme upo:

set-defaults
setenv diag-switch? false
1 0 mkp
80 1 mkp
8 2 mkp
0 3 mkp
20 4 mkp
c0 5 mkp
ff 6 mkp
ee 7 mkp
0 8 mkp
0 9 mkp
0 a mkp
0 b mkp
c0 c mkp
ff d mkp
ee e mkp
0 f 0 do i idprom@ xor loop f mkp

Kila mkp inaandika baiti moja: thamani kwanza, kisha nafasi yake. Namba zote ni za heksadesimali. Baiti ya 0 ni muundo, daima 01. Baiti ya 1 ni aina ya mashine: 80 kwa SPARCstation 4, 5, LX na Classic, 72 kwa SPARCstation 10 na 20, 57 kwa IPX, 55 kwa SPARCstation 2. Baiti 2 hadi 7 ni anwani ya Ethernet, na 08:00:20 ni kiambishi cha Sun wenyewe. Baiti 8 hadi b ni tarehe ya kutengenezwa, sifuri hazina madhara. Baiti c, d na e ndiyo mkia wa hostid. Mstari wa mwisho unapiga hesabu ya uhakiki: XOR ya baiti zote 15 zilizotangulia inaandikwa kwenye baiti ya f. Ukikosea baiti yoyote, irekebishe halafu rudia na mstari huo wa mwisho, vinginevyo ujumbe wa IDPROM utabaki palepale.

Andika .idprom uone baiti zako, banner uone anwani na hostid, kisha reset. Usizime umeme, maana ukizima unaanza upya. Kama chipu yako bado ina lebo yenye anwani ya asili, tumia hiyo badala ya c0ffee (zile c0, ff na ee za kubuni hapo juu). Programu za zamani za kulipia zilifungwa kwa hostid, na leseni iliyobaki kwenye diski haitafanya kazi na namba ya kubuni. Ukiwa na Sun mbili nyumbani, kila moja ipewe anwani yake; zikifanana, mtandao utakuwa unakatika katika kwa namna ambayo ni vigumu kuigundua.

Mashine ikishakubali, ndipo ushughulikie betri. Njia ya kwanza ni kununua chipu nyingine, ila soma namba ya tarehe iliyochapwa juu yake. Chipu "mpya" iliyotengenezwa miaka ishirini iliyopita ina betri iliyozeeka dukani. Chipu mpya kweli mara nyingi huja saa yake ikiwa imesimamishwa ili kutunza betri; ukiandika watch-clock na sekunde hazisogei, weka saa kwa amri ya date ndani ya mfumo endeshi, nayo itaanza kutembea.

Njia ya pili ni kuikata ya zamani na kuiwekea kishikio cha CR2032. Ni kazi ya subira zaidi kuliko ujuzi. Chomoa chipu kwa kuinua pande zote mbili kidogo kidogo, ukiwa umeweka alama upande wa mguu wa kwanza, maana ikirudishwa kinyume umeme utaiua. Sugua plastiki kwa msasa wa mashine ndogo au tupa upande wenye betri mpaka uone vipande viwili vya chuma vinavyotoka kwenye seli. Vaa barakoa, hilo vumbi si zuri kwa mapafu. Pima kwa multimita ujue chanya na hasi, kisha kata kabisa muunganisho wa seli ya zamani. Wengi hupitwa na hatua hiyo ya kukata: ukiunganisha betri mpya sambamba na mfu, mfu ataifyonza mpya na baada ya muda mfupi unarudi ulipoanzia. Lehemu waya mbili nyembamba, weka kishikio mahali pasipogusa kifuniko, na usitumie betri za kuchajiwa. Baada ya hapo jaza tena zile baiti, zima umeme, washa, uone kama zimebaki.

Sasa diski. Andika probe-scsi. Ukiona jina la diski kwenye Target 3, jaribu boot disk mara moja, na ikiwaka nakili kila kitu kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu diski za miaka ile hazitoi onyo mara mbili. Kwa matumizi ya kila siku mimi napendelea emuleta ya SCSI inayotumia kadi ya SD, kama BlueSCSI au ZuluSCSI. Haina joto wala kelele, na nakala ya akiba ni faili moja. SPARCstation 5 ina nafasi za diski za SCA zenye miguu 80, kwa hiyo utahitaji adapta ya kutoka 80 kwenda 50. Faili linaloanza na HD3 linakuwa diski namba 3, linaloanza na CD6 linakuwa CD namba 6, na hizo ndizo namba ambazo OpenBoot inazitarajia ukiandika boot disk au boot cdrom. CD iwekwe ukubwa wa bloku 512 badala ya 2048; ROM za Sun za enzi hizo zinasoma hivyo, na ukiacha 2048 inaweza kuionyesha CD kwenye probe-scsi lakini ikagoma kuwaka.

Tengeneza diski ya GB 2 hivi:

dd if=/dev/zero of=HD3.hda bs=512 count=4096000

Kwenye format, programu ya Sun ya kugawa diski, ipe silinda 1998 za data na 2 za akiba, vichwa 16, sekta 128. Uzuri wa vipimo hivi ni kwamba silinda moja inakuwa MB 1 kamili, basi kugawa diski hakuhitaji kikokotoo: silinda 200 za root, 128 za swap, zilizobaki /usr. Root iwe mwanzoni mwa diski, ndani ya GB 1 ya kwanza. Amri fupi ya kusoma ya SCSI ina biti 21 tu za anwani, na 2 kwa kipeo cha 21 mara baiti 512 ni GB 1. ROM za zamani zinazoitumia haziwezi kufika mbele ya hapo. Mfumo utasanikika vizuri tu, kisha siku kernel mpya ikiangukia nje ya mpaka huo mashine haiwaki.

Mfumo upi? Ukitaka ladha ya enzi yake, SunOS 4.1.4 ya mwaka 1994, ukijua kwamba kila mfumo wa faili hauzidi GB 2 na NFS yake (ya kushiriki faili kupitia mtandao) ni toleo la 2 pekee. Solaris 9 ndiyo ya mwisho kukubali bodi za sun4m (familia ya SPARC za biti 32) kama yako. Solaris 10 iliziacha. Solaris 9 inatembea, ila ni nzito kwa prosesa yako ya microSPARC-II, kwa hiyo jaza RAM kadiri unavyoweza. Bodi inafika MB 256 kwa moduli nane za MB 32, na moduli hizo si zile za PC hata kama idadi ya miguu, 168, ni ileile. Anayetaka mfumo unaopata marekebisho hadi leo achukue NetBSD/sparc. OpenBSD iliacha SPARC za biti 32 baada ya toleo la 5.9.

Ukiamua kuwasha kwa mtandao, mashine inaomba IP kwa RARP, kisha inatafuta kwa TFTP faili lenye jina la IP kwa heksadesimali. Kwa 192.168.1.20 faili ni C0A80114.SUN4M, herufi zote kubwa. Faili zilizobaki huja kwa NFS. Seva rahisi kwa kazi hii ni NetBSD, kwa kuwa Linux za sasa nyingi zimezima NFS ya toleo la 2 na ya UDP. Na angalia swichi yako: poti ya mtandao ya mashine (le0) ni Mbps 10, na baadhi ya swichi mpya za Gbps 2.5 hazishuki mpaka huko. Swichi kuukuu ya 10/100 katikati inamaliza tatizo.

Monita sasa. Kadi ya picha ya TGX kwa kawaida hutoa 1152×900 na ishara za ulinganifu zilizochanganywa kwenye waya mmoja, ndiyo maana LCD yako inayumba. Jaribu:

setenv output-device screen:r1024x768x60

halafu reset. Adapta ya 13W3 (plagi ya monita za Sun) kwenda VGA iwe ya Sun. Ya SGI inafanana kwa umbo lakini waya zimepangwa tofauti. Ikishindikana hata hivyo, siriali inatosha, na X (mfumo wa madirisha wa Unix) unaweza kuitupia kwenye skrini ya kompyuta yako ya kawaida kupitia mtandao wa ndani. Usiiache mashine hii wazi kwenye intaneti: telnet na huduma zake za RPC zina mashimo yanayojulikana yasiyozibwa. Kwa SSH ya Solaris 9 utahitaji kumlegeza mteja wako:

ssh -oKexAlgorithms=+diffie-hellman-group1-sha1 -oHostKeyAlgorithms=+ssh-rsa -c 3des-cbc mtumiaji@anwani

Kuzima ni sync kisha halt, subiri ok, ndipo ukate umeme. Soma pia lebo ya pawasaplai kabla ya kuichomeka kwenye 230 V, hasa kwa mashine iliyotoka Marekani, na uhakikishe feni inazunguka. Umeme wa kupanda na kushuka ukiwa wa kawaida mtaani kwako, iweke nyuma ya UPS.

Ukimaliza hatua ya mkp, bandika hapa matokeo ya banner, .idprom na probe-scsi, tuyasome pamoja kabla hujagusa chipu kwa tupa.