Vyuo Vikuu Viongezwe, au Kwanza Vyuo Vitenganishwe Kazi?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika nchi nyingi zinazoendelea serikali hutangaza vyuo vikuu vipya mara kwa mara, na vyuo vya ufundi navyo hupandishwa hadhi, kwa hoja kwamba uchumi haukui bila wasomi wengi. Hata hivyo, wahitimu wanazidi kuzunguka na bahasha za vyeti, huku wenye viwanda wakilalamika kwamba hawapati mafundi. Je, mageuzi ya elimu ya juu yaanzie wapi, na gharama alipe nani?
Mwalimu wa sekondari

JIBU: Ndugu Mwalimu, malalamiko hayo mawili yana chanzo kimoja. Chuo cha ufundi kinapogeuzwa chuo kikuu kwa amri, mara nyingi nchi hupata chuo kikuu dhaifu na kupoteza chuo cha ufundi kilichokuwa kikifanya kazi yake vizuri. Stashahada hufifia, karakana hugawanywa kuwa kumbi za mihadhara, na mkufunzi aliyefundisha uchomeleaji kwa miaka mingi huambiwa kwamba bila shahada ya uzamivu hana nafasi tena. Ilhali kiwanda chochote kinachoanza huhitaji, nyuma ya kila mhandisi, mafundi sanifu na mafundi mchundo kadhaa, na hao hawapatikani kwa kuongeza wahandisi.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mageuzi yaanzie kwenye kutenganisha kazi za vyuo kabla ya kuongeza idadi yake. Ujerumani Magharibi, ilipopanua elimu ya juu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, iliunda aina ya pekee ya vyuo vya sayansi tumizi kutokana na shule za uhandisi zilizokuwapo, badala ya kuzigeuza kuwa vyuo vikuu vya kawaida. Mpaka leo, anayeomba uprofesa katika vyuo hivyo kwa kawaida hutakiwa awe amefanya kazi ya taaluma yake kwa miaka isiyopungua 5, na angalau 3 kati ya hiyo iwe nje ya chuo. Sharti hilo moja nalithamini kuliko kurasa nyingi za sera, kwa sababu linaamua ni nani atakayesimama mbele ya wanafunzi.

Jambo la pili ni vifaa, na hapa ndipo takwimu za udahili zinapodanganya. Ingia katika karakana ya chuo kilichoongeza wanafunzi bila kuongeza bajeti: darasa zima limeizunguka mashine moja ya kukereza chuma, walio mbele wanaona kinachofanyika, walio nyuma wananakili mchoro, na mtihani wa vitendo ukifika unaandikwa kwenye karatasi. Ukidahili mara mbili bila kununua mashine ya pili wala kutenga fedha za vipuri na malighafi za mazoezi, umeongeza vyeti tu.

Utasikia Korea Kusini ikitajwa kila mjadala huu unapozuka, na mara nyingi hutajwa kwa nusu. Nchi hiyo ilitanguliza elimu ya msingi kwa wote, ikapanua sekondari, na upanuzi mkubwa wa vyuo vikuu ukafuata baadaye. Taasisi yake ya sayansi na teknolojia, KIST, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilikusudiwa kufanya utafiti unaohitajiwa na viwanda, na wanasayansi wa Korea waliokuwa ng'ambo walivutwa kurudi kwa mishahara mizuri na nyumba. Brazili nayo, baada ya kuunda shirika la utafiti wa kilimo, Embrapa, mwaka 1973, ilipeleka watafiti wake wengi kusomea shahada za juu, wengine nje ya nchi. Waliporudi walikuta kazi inawasubiri, yaani udongo wenye asidi wa nyanda za Cerrado na mbegu za soya zilizohitaji kuzoeshwa tropiki. Kinyume chake ni Misri, ambayo katika miaka ya 1960 iliwaahidi wahitimu wa vyuo vikuu ajira serikalini. Vijana wakamiminika vyuoni kutafuta ajira hiyo, na hatimaye wakawa wanasubiri kwa miaka kupangiwa kazi.

Kuhusu gharama, elimu ya juu bila malipo kwa wote huwanufaisha zaidi wenye nacho, maana watoto wao ndio wengi wanaofika huko. Wengi hupendekeza mfumo ulioanzishwa na Australia mwaka 1989, ambapo mhitimu hulipa deni kupitia kodi pale tu kipato chake kinapovuka kiwango fulani. Naukubali msingi wake, lakini unategemea mamlaka ya kodi inayojua mapato ya kila mtu. Penye wahitimu wengi wanaojiajiri nje ya rejista yoyote, deni hukatwa kwa walimu na watumishi wa umma, na mfanyabiashara mwenye kipato kikubwa zaidi hapatikani. Kwa nchi ya namna hiyo ningeshauri familia zenye uwezo zilipe ada tangu mwanzo, mikopo ibaki kwa wasio nacho, na wanafunzi wa stashahada za ufundi waruhusiwe kukopa kwa masharti yale yale ya wenzao wa shahada. Kwani kijana anayenyimwa mkopo wa ufundi atasomea shahada yoyote inayokopesheka.